Riba Inalala Wapi?

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kondoa. Siku ya mshahara aliondoka nyumbani alfajiri, kanga begani, akadandia lori la mahindi hadi mjini na kurudi kiza kimeshaingia. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua benki ni nini. Nilijua tu ni mahali ambapo mama huenda mzima akarudi amechoka, mkononi ana mkate wa mjini.

Miaka mingi baadaye nikaajiriwa na benki. Tawi la Dar es Salaam, benki ya kigeni, kiyoyozi kinapuliza mpaka watu wanavaa sweta Januari. Cheo changu kilikuwa afisa mikopo. Benki yenyewe siitaji, maana haya ninayoyaeleza hayakuwa ya nyumba ile peke yake, na wenzangu wengine bado wanapata riziki pale. Nilikaa miaka sita.

Tangu nitoke, vijana wanaosoma uchumi huniuliza: kufungua milango kwa fedha za nje na benki za nje kumepunguza pengo la walionacho na wasionacho, au kumelipanua? Nilikuwa najibu kwa maneno marefu. Siku hizi nauliza mambo mawili tu: pesa inauzwa bei gani kwa nani, na riba ikishalipwa inalala wapi.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na kesho yake benki binafsi zikataifishwa. Barclays, Standard, National and Grindlays, zote zikaingizwa kwenye chungu kimoja, NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa karibu robo karne tukawa na benki kubwa moja ya biashara Tanzania Bara. Ina sifa yake: ilifungua milango katika miji ya wilaya ambako wakoloni hawakuona sababu ya kufika. Lakini wazee wanaosema benki ile ilikuwa ya wanyonge wamesahau nusu ya hadithi. Mnyonge alipata mahali pa kuweka pesa. Mikopo ilikwenda kwa mashirika ya umma, mamlaka za mazao na vyama vikuu vya ushirika, na sehemu kubwa haikurudi. Mwalimu wa Kondoa hakuwahi kukopeshwa hata bati moja.

Mwaka 1988 iliundwa tume chini ya Charles Nyirabu, aliyeshika ugavana wa Benki Kuu kwa miaka mingi. Ikatoa ripoti mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyoruhusu benki binafsi, za nyumbani na za nje. Mwaka 1992 ikaja sheria ya fedha za kigeni, na maduka ya kubadilisha fedha yakaota mjini kama uyoga. Standard Chartered ilirudi 1993. Meridien BIAO iliingia kwa mbwembwe, ikaanguka mwaka 1995, na Stanbic ikaingia kwenye mabaki yake. Citibank ikaja, Barclays ikafuata. NBC yenyewe ilipasuliwa mwaka 1997: sehemu iliyobaki na jina, hisa zake nyingi ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, na ile yenye matawi ya wilayani ikawa NMB.

Sasa tazama wageni walifungua wapi. Dar es Salaam, halafu Arusha, halafu Mwanza. Kondoa hawakuiona. Siwalaumu sana, benki siyo zahanati. Walikwenda ziliko kampuni za simu, migodi, waagizaji wa mafuta na mashirika ya misaada. Mwaka 2008 wachumi watatu, Enrica Detragiache, Thierry Tressel na Poonam Gupta, walichapisha utafiti kuhusu nchi maskini, wakaona kwamba pale benki za kigeni zinaposhika sehemu kubwa zaidi ya soko, mikopo kwa sekta binafsi huwa midogo zaidi ukilinganisha na uchumi wa nchi. Moja ya maelezo yao anaweza kulielewa mtu yeyote aliyewahi kupepeta mchele. Mgeni anashika ungo, anapepeta, anabeba punje nzima. Chenga anawaachia wenyeji, na gharama ya kupika chenga inapanda.

Nilisoma utafiti huo nikiwa nimeshauona mezani kwangu.

Kuna asubuhi moja ya mwaka 2011 ambayo sijaisahau. Faili la kwanza lilikuwa la kampuni inayosambaza vipuri kwa migodi. Hesabu zilizokaguliwa, mkataba wa mauzo, hati ya kiwanja, barua kutoka makao makuu. Walitaka mkopo wa dola na walipata kwa asilimia 7 kwa mwaka. Tena walinung'unika kwamba benki ya jirani iliwaahidi sita na nusu, nikalazimika kumpigia bosi wangu kuona kama tunaweza kushuka kidogo. Faili la pili halikuwa faili, alikuwa mama. Aliuza mitumba soko la Karume, alikuwa na akaunti ya akiba kwetu miaka minne, kila wiki anaweka, kila baada ya miezi miwili anatoa kwenda kununua mabelo. Alitaka shilingi milioni tatu. Nyumba anayo, ila hati hana; ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Vitabu vya hesabu hana. Ana daftari la shule lenye picha ya twiga kwenye jalada, limeandikwa vizuri kuliko ripoti nyingi nilizowahi kukabidhiwa na watu wa tai.

Mfumo ulimkataa kabla sijamaliza kujaza kurasa. Nikamwambia lile neno letu: "Tutakupigia, mama."

Akatabasamu. Alikuwa mtu mzima, alijua maana yake. Akafunga daftari lake, akasimama, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizi hela zangu ninazoziweka hapa kila Jumatatu, huwa mnampa nani?"

Sikumjibu. Jibu lilikuwa limelala mezani, kwenye faili la kwanza. Nusu nyingine ya jibu ilikuwa serikalini, kwenye hati fungani, yaani pesa tunazoikopesha serikali. Kwenye akiba yake tulikuwa tunamlipa riba isiyofika asilimia 3 kwa mwaka, na tukimtoza ada ya mwezi inayoimeza yote. Yeye ndiye aliyekuwa anatukopesha sisi. Alipotoka pale alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, asilimia 20 kwa mwezi. Wakati ule jina la kausha damu lilikuwa bado halijavuma, lakini damu ilikuwa inakauka hivyo hivyo.

Hapo ndipo bei mbili za pesa zinapoonekana. Mji mmoja, asubuhi moja: mwenye nyingi anauziwa kwa saba kwa mwaka, mwenye chache anauziwa kwa ishirini kwa mwezi. Takwimu za ukosefu wa usawa hupimwa kwa kipato au matumizi ya kaya, na ni sawa, ila sijaona utafiti wa kaya unaouliza, "Wewe pesa unainunua kwa bei gani?" Ukiwaacha watu wawili wenye akili sawa na juhudi sawa wafanye biashara miaka kumi kwa bei hizo mbili, hutahitaji mchumi wa kukwambia nani atajenga ghorofa.

Kenya walitutangulia katika somo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 benki kubwa za pale, zikiwamo Barclays na Standard Chartered, zilifunga matawi ya miji midogo na kupandisha salio la chini ambalo mteja alitakiwa kubaki nalo. Wakulima na wafanyakazi wadogo wakajikuta nje. Aliyewaokota alikuwa Equity, chama cha kukopesha ujenzi kilichoanzia Kangema, Murang'a, mwaka 1984, ambacho mwaka 1993 kilikuwa kimefilisika kwa vipimo vyote isipokuwa ukaidi wa wenyewe. Mwaka 2004 kikawa benki kamili, 2006 kikaingia soko la hisa la Nairobi. Hapa inakuja sehemu ambayo marafiki zangu wa mrengo wa kushoto hawapendi niiseme: mwaka 2007 mfuko wa Helios, wenye makao London, ulinunua karibu robo ya Equity. Fedha ya kigeni hiyo. Kwetu nako, mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi lilichukua asilimia 49 ya NMB, na NMB ikabaki na matawi yake ya wilayani, ikaongeza mengine.

Kwa hiyo mimi siogopi pesa kwa sababu imevuka bahari. Nimeona kwamba mgeni anayeingia kama mwanahisa ndani ya benki yenye mizizi vijijini huikuta mizizi imeshashika, na kuing'oa ni hasara kwake mwenyewe. Anayeingia na nembo yake, kiyoyozi chake na mfumo wa kupima wateja uliotengenezwa mji mwingine, huyo anapepeta. Na akichoka anaondoka. Mwaka 2022 Standard Chartered ilitangaza kuachana na wateja wa kawaida Tanzania na kubaki na kampuni na taasisi. Ungo mdogo zaidi.

Halafu kuna hisa zenyewe. Mwaka 2008 serikali iliuza sehemu ya hisa zake za NMB kwa wananchi, shilingi 600 kwa hisa. Mimi nilinunua, si nyingi, mshahara wa kijana. Mama hakununua. Mshahara wake ulipitia benki hiyo hiyo, makato ya mkopo wake ndiyo yaliyonenepesha faida ya benki hiyo hiyo, lakini habari za hisa zilimfikia kama habari za mvua ya Bukoba. Leo hisa ile inauzwa kwa maelfu. Kila gawio linapoingia kwenye akaunti yangu huwa nafikiria kwamba kiasi fulani humo, hata kama ni shilingi kumi, kimetoka mfukoni kwa mama yangu.

Hati fungani ni hadithi ya namna hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ililipa asilimia 15.49 kwa mwaka kwa hati ya miaka 20 na 15.95 kwa ile mpya ya miaka 25. Kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni moja. Ukiwa nayo, unakaa miaka 20 ukipokea riba kila baada ya miezi sita, mdaiwa wako ni serikali, hulali macho. Usipokuwa nayo, laki mbili zako ziko benki kwa asilimia mbili na ushee, na benki ndiyo inayokununulia hati na kubaki na tofauti. Kenya walipoweka ukomo wa riba mwaka 2016, asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, kwa nia njema kabisa ya kumlinda mkopaji, benki ziliona hakuna faida ya kuhangaika na mama mboga. Wakaongeza kununua hati za serikali. Novemba 2019 ukomo ukafutwa. Mama mboga alikuwa ameshahamia kwenye simu.

Simu. Hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu simu ilifanya yale ambayo benki zote, za wazungu na zetu, zilishindwa. M-Pesa ilianza Kenya 2007, Tanzania 2008, na nyuma yake ilikuwa Vodafone ya Uingereza. Uchunguzi wa FinScope wa mwaka 2009 uliona kwamba ni Watanzania wazima 16 tu katika kila 100 waliotumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2023 walikuwa 76. Wenye kutumia benki yenyewe mwaka huo huo wa 2023 walikuwa 22 tu. Hiyo ndiyo picha nzima: nyumba imejaa watu, ila wengi wameingilia mlango wa uani.

Na mlango wa uani una bei yake. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu ya Kenya iliyoanza 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Wanaiita ada, wala si riba, na neno hilo linasaidia watu kulala usingizi. Mara kumi na mbili ni tisini kwa mwaka. Hizo ni zile zenye benki nyuma yake na leseni mkononi. Huku kwetu zilikuja programu za kukopesha ambazo ukichelewa siku mbili zinamtumia ujumbe mchungaji wako, shemeji yako na bosi wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kupiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Sasa nieleze la aibu. Mwaka 2012, nikiwa afisa mikopo mwenye kadi za jina zilizochapwa kwa dhahabu bandia, mama alikuwa ameweka rehani kadi yake ya benki.

Alikuwa na mkopo wa mshahara aliouchukua kuezeka nyumba. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara, na yeye alishafika ukutani. Ada ya chuo ya mdogo wangu ikadaiwa. Hakunipigia. Alikwenda kwa mkopeshaji mmoja pale mjini, akamwachia kadi na namba ya siri, kama walivyokuwa wakifanya walimu wenzake. Siku ya mshahara mtu yule anasimama kwenye mashine ya kutolea pesa na bunda la kadi zilizofungwa kwa mpira, anaingiza moja baada ya nyingine, anajikata chake kwanza, kilichobaki anakupa mkononi kama zawadi. Niligundua nilipokwenda likizo na kumwomba anipe kadi nimtolee pesa kijijini asisafiri. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kadi imesafiri."

Nilikuwa nimesomea mambo ya fedha miaka mitatu na kuyafanyia kazi miaka mitano. Sikuwa na neno la kumwambia.

Watu wakizungumzia kufungua milango ya fedha, huwa wanawazia dola, na dola nayo imegawa watu. Mwaka 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 40. Mwaka 2000 ilikuwa karibu 800. Mwaka 2015 ilivuka 2,000. Aliyeruhusiwa kufungua akaunti ya dola, na akawa nazo, alikaa juu ya mti maji yakipanda. Mwenye nyumba Masaki alipokea kodi kwa dola. Mwalimu alipokea mshahara kwa shilingi. Machi 2025 serikali ilikataza rasmi kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Heri. Ila aliyepanda juu ya mti miaka thelathini iliyopita ameshajenga huko huko.

Kuna mkopo mmoja wa nje ambao nauona kama kitabu cha kiada. Machi 2013 Tanzania ilikopa dola milioni 600 kutoka kwa wawekezaji wa nje, kupitia Stanbic na ndugu yake wa London, Standard Bank. Ada iliyokuwa asilimia 1.4 ikapanda hadi 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya hapa nyumbani iitwayo EGMA, na sehemu kubwa ikatolewa taslimu ndani ya siku chache. Novemba 2015 Standard Bank ilimalizana na waendesha mashtaka wa Uingereza mbele ya mahakama ya London kwa kushindwa kuzuia hongo, makubaliano ya kwanza ya aina yake nchini humo, na Tanzania ikarudishiwa zile milioni 6 pamoja na riba ya zaidi kidogo ya milioni moja. Ningeweza kuandika kurasa kumi kuhusu hilo. Nitasema moja tu: mlipaji wa mkopo ule wa milioni 600 ni kila anayenunua sukari na vocha, na yule aliyebeba asilimia moja hakuhitaji hati wala slipu ya mshahara.

Wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo kwa miaka mingi lilituhimiza kufungua kila kitu, walikiri mwaka 2016 kwamba nchi zikiondoa vizuizi vya mtaji kuingia na kutoka, ukosefu wa usawa huelekea kupanda. Nilisoma nikacheka peke yangu kwenye daladala. Mama wa Karume alikuwa ameyasema mwaka 2011, tena kwa swali moja.

Mama amestaafu. Yuko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha wanawake thelathini hapo kijijini. Mtindo wenyewe nao ni mgeni, tusidanganyane: ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukafika kwetu, ukabatizwa jina letu. Wana sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku liko kwa wa nne. Kila Alhamisi wananunua hisa. Anayetaka kukopa anasimama, anaeleza, wanamuuliza maswali ambayo mfumo wetu wa Dar usingeyaweza, kwa mfano kama mume amesharudi machimboni. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi.

Asilimia 10! Nilipoisikia mara ya kwanza nilirukwa na akili. Mama, hii ni mia na ishirini kwa mwaka, hawa ni wanyonyaji kuliko wale wa kwenye simu. Hakubishana nami. Aliniambia nije Desemba.

Nilikwenda. Walikaa chini ya mwembe, sanduku likafunguliwa kwa funguo tatu, daftari likasomwa jina kwa jina kwa sauti. Mwenye kuhesabu alihesabu mara mbili, kisha mwingine akahesabu tena. Mama alipoitwa alikwenda, akapokea fungu lake, akarudi kwenye mkeka akalipanga gotini: hisa zake upande mmoja, faida upande mwingine. Akachomoa noti ya elfu kumi kwenye fungu la faida, akaigeuza, akanipa niishike.

"Hii," akasema, "ni ile riba niliyolipa mwezi wa sita."